Devdas ya 2002: ni kipande gani kilikutoa machozi zaidi?

Kijana wa Kisauni

Assalaam alaykum wapenzi wa picha za Kihindi.

Juzi usiku kwa shangazi yangu tuliirudia Devdas ya Sanjay Leela Bhansali, ile ya Shah Rukh Khan (ndiye Dev), Aishwarya Rai (Paro, mpenzi wake tangu utotoni) na Madhuri Dixit (Chandramukhi, mcheza ngoma anayedharauliwa na watu). Ni picha ndefu, yafika saa 3, na hakuna aliyeinuka ila kwenda kunywa maji. Ilipokwisha ukaanza ubishi ambao mpaka leo haujaisha. Shangazi anasema hakuna kipande kinachoufikia mwisho, pale Dev anapokufa nje ya jumba la mume wa Paro na lango linafungwa Paro asimfikie. Binamu yangu anasema ni pale Chandramukhi anapoumbuliwa mbele ya wageni. Mimi nimeshikilia siku ya harusi ya Paro. Dev amekuja amechelewa, anamkuta keshapambwa kwa ajili ya mume mwingine, anaomba, anakataliwa, hasira zinampanda, anampiga kwa mkufu kwenye paji la uso mpaka damu inachirizika. Kisha hapo hapo anaumia kuliko yeye aliyempiga.

Sisi tumekulia kwenye kanuni ya "steringi hafi". Hata apigwe vipi, atainuka amalize kazi. Huku tunajua mapema kwamba steringi anakufa, wengine tulishasimuliwa kisa kizima kabla hatujaiona, na bado tunalia. Kwa hiyo nauliza: kipande kipi kinakuumiza wewe zaidi, na kwa nini? Naombeni sababu jamani, msiniambie "inauma tu".

Abu Nasra

Lango. Kwetu mama huondoka sebuleni Dev akishalazwa chini ya ule mti, anakwenda kujishughulisha jikoni, na akirudi macho mekundu. Sababu ni kwamba wamebaki hatua chache tu waonane. Angefia mbali huko Calcutta isingeniuma hivyo.

Mama Fundi, Ngamiani Tanga

Mwanangu wa Kisauni, waalaykum salaam. Umeomba sababu, basi vumilia, nitaandika kwa urefu.

Mimi ni fundi cherehani. Picha hii huiweka dukani tunaposhona nguo za harusi, na mabinti ninaowafundisha kazi wanazijua nyimbo zake kuliko wanavyojua kupima mabega. Kwa hiyo nimeiona mbele na nyuma, vipande vipande, mpaka naijua kama nguo niliyoikata mwenyewe. Na kwa jinsi ninavyoiona mimi, lango ndilo kilele, shangazi yako hakukosea. Lakini machozi ya langoni yameanza kuandaliwa mbali sana, na yameandaliwa na viapo viwili.

Kiapo cha kwanza ni cha Sumitra, mama yake Paro. Kirron Kher ndiye aliyecheza nafasi hiyo, na kwangu mimi hakuna aliyemshinda katika picha ile. Anakwenda kwa majirani zake matajiri kwenye sherehe ya mkwe wao mjamzito. Kaushalya, mama yake Dev, anamwomba acheze mbele ya wageni. Yule mama anacheza! Anacheza kwa moyo wote kwa sababu anaamini mambo yameiva, kwamba leo ndiyo siku ya kutaja ndoa ya watoto. Na Bhansali anakata, anatuonyesha Dev na Paro mtoni usiku huo huo, anarudi kwa mama anayecheza, anakwenda tena mtoni. Binti na mama wana furaha moja, kila mmoja mahali pake. Ngoma ikisimama, Sumitra anataja posa, na anajibiwa kwa matusi mbele ya wanawake wote: ukoo wao ni wa chini, ni wa wachezaji, wanawezaje kuota kuingia nyumba hii. Tazama uso wake anapoelewa kwamba aliombwa acheze ili adhalilishwe vizuri. Anasimama pale pale na kuapa kwamba Paro ataolewa kwenye nyumba yenye mali kuliko hiyo.

Mimi nimeshona nguo za bibi harusi ambaye mama yake alitukanwa kwenye posa ya kwanza, kwa watu wengine. Sitasema ni wapi. Yule mama alikuja na kitambaa cha bei ambayo mimi nilimshauri aipunguze, akakataa. Kila akija kupima alikuwa akisema neno moja tu: "Watajua." Binti mwenyewe alikuwa amenyamaza, anainua mikono nikimwambia inua, anashusha nikimwambia shusha. Tangu hapo kile kipande cha Sumitra siwezi kukitazama huku nashona, lazima mguu utoke kwenye cherehani.

Kiapo cha pili ni cha Dev. Paro keshakuwa mke wa Bhuvan, Dev keshazama kwenye pombe. Wanapokutana Paro anamsihi aache kunywa. Hilo Dev hawezi kumpa. Anampa jingine: kabla sijafa nitakuja mlangoni kwako. Hesabu wewe mwenyewe, katika picha nzima Dev ametimiza nini? Alishindwa kusimama mbele ya baba yake. Alishindwa kumtetea Paro alipomjia usiku kwa miguu yake. Kwenye maziko ya baba yake mwenyewe alifika amelewa. Ahadi aliyoitimiza ni hii moja. Anasafiri mgonjwa, kwenye treni anakutana na Chunnilal, rafiki yake wa ulevi, anashawishiwa anywe kwa ajili ya urafiki, na anakunywa akijua kabisa ni mauti. Halafu kwa nguvu zilizobaki anafika pale alipoahidi.

Sasa viapo viwili vinakutana langoni. Dev ameletwa na kiapo chake. Lango lenyewe, lenye walinzi na kuta ndefu, limeletwa na kiapo cha Sumitra, maana ndiye aliyetaka binti yake aolewe kwenye jumba kubwa. Mama aliyempenda mwanawe kuliko kitu chochote ndiye aliyemtafutia nyumba ambayo haiwezi kumtoa nje. Hapo ndipo ninapolia mimi.

Tena mtazame Paro anavyokimbia. Wengi hutazama uso wa Aishwarya, mimi macho yangu yako kwenye sari. Sari huwa kama yadi 6, na mwanamke mwenye haraka huichomeka ncha kiunoni akaenda zake. Ile ya Paro wameiacha ncha ndefu kupita kiasi, inaburura nyuma yake sakafuni, inafuata ngazini, haimwachi. Aliyeipanga nguo ile alijua anachokifanya. Ni nguo ya bibi wa jumba. Kadiri anavyokimbia kwenda kwa Dev, ubibi wenyewe unamfuata nyuma, mzito, mrefu. Na jumba halimaliziki: ukumbi, nguzo, ukumbi tena, ngazi, uwanja. Tumeoneshwa utajiri wa vioo na taa kwa saa 3, tukaufurahia (picha hii ilikuwa ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa India mpaka wakati ule, na fedha zinaonekana), halafu mwishoni utajiri ule ule ndio unaorefusha njia.

Na Bhuvan anayetoa amri lango lifungwe, simwiti adui. Usiku wa ndoa alimwambia Paro wazi kwamba moyo wake umebaki kwa marehemu mkewe, kwamba ameoa ili watoto wapate mama na nyumba ipate bibi. Anakijua kilio cha mtu aliyepotelewa na mpenzi. Anakijua kuliko mtu yeyote ndani ya jumba lile. Na bado anasema fungeni.

Jingine ambalo watu hulipita ni hili. Kisa kimetoka kwenye riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay, ya Kibengali, iliyochapishwa 1917. Kwenye riwaya Paro anapata habari Dev keshakufa.  Bhansali akambakisha Dev hai kwa dakika chache zaidi, ili aone kwa mbali, kwa macho yaliyokwisha kuingia kiza, mtu anayekuja mbio. Anamwona Paro anakuja, na anaona malango yakikutana. Alivyoongeza zile dakika chache ndivyo alivyotumaliza sisi.

Mswahili wa Ruwi

Mama Fundi nakuheshimu, maelezo yako yamenifanya niirudie jana usiku hapa Muscat. Lakini Dev mimi simlilii. Siwezi.

Paro alimjia usiku, akaiweka heshima yake yote mkononi mwa yule kijana. Baba akamtukana binti wa watu, na Dev akafungasha akaenda Calcutta. Huko akamwandikia barua kwamba baina yao hapakuwahi kuwa na mapenzi. Barua! Hakuwa hata na ujasiri wa kumwambia usoni. Halafu anajutia, anarudi, anataka kila kitu kimsubiri kilivyokuwa. Na akikataliwa anampiga. Bwana mdogo wa Kisauni unasema pale anaumia kuliko aliyempiga. Mwenye kovu ni nani?

Machozi yangu ni ya Chandramukhi. Mwanamke anayedharauliwa na kila mtu, anampenda mlevi anayemwambia hadharani kwamba anamchukia, anaacha kazi yake kwa ajili yake, anamuuguza. Na kipande kinachonimaliza ni pale Paro anapokwenda nyumbani kwake. Anakwenda kwa kisingizio cha udongo wa uwanjani kwake, kwa ajili ya sanamu ya Durga, mungu wa kike wa Wahindu. Kazini kwetu yuko fundi umeme mtu wa Kolkata (ndiyo Calcutta), nilimuuliza, akaniambia ada hiyo ipo kweli: sanamu ya sikukuu haikamiliki bila udongo wa mlangoni kwa wanawake wale wale ambao jamii haiwataki. Nilikaa kimya. Wanahitaji udongo wake na hawamtaki yeye.

Na wale wanawake wawili hawagombani. Ningetarajia ugomvi, picha nyingi zingetupa ugomvi. Paro anamwalika kwake, wanacheza pamoja wimbo wa Dola Re, unawaona wanacheka. Dakika hiyo moja ya furaha wamepeana wao wenyewe, Dev hayumo. Kisha Kalibabu, mkwe wa mume wa Paro, anamwumbua mbele ya wageni, na Chandramukhi hainamishi kichwa. Anamjibu neno kwa neno, na anamzaba kofi. Nasimama na binamu yako.

Mzee wa Malindi, Unguja

Wanangu, naona mnazungumza kana kwamba Devdas ilianza 2002. Kuna ya K. L. Saigal ya miaka ya 1930, hiyo hata mimi niliisikia kwa wazee tu. Na kuna ya Bimal Roy ya 1955, Dilip Kumar ndiye Dev, Suchitra Sen ndiye Paro, Vyjayanthimala ndiye Chandramukhi. Haina vioo wala dhahabu, ni nyeusi na nyeupe, na Dilip Kumar hapigi kelele hata mara moja. Anakufa kwa sauti ya chini. Kama mmezoea ile ya rangi, itafuteni hiyo mtazame jinsi mtu anavyoweza kulia bila kukunja uso.

Mswahili wa Ruwi, utafurahi kusikia hili. Vyjayanthimala alipopewa tuzo ya Filmfare kama mwigizaji msaidizi kwa nafasi ya Chandramukhi, aliikataa. Alisema nafasi yake ilikuwa sawa na ya Paro. Alikuwa na haki.

Lakini mkiniuliza mimi kipande kilichoniumiza kuliko vyote katika picha za Kihindi, siyo Devdas. Ni Mughal-e-Azam ya K. Asif, 1960. Nilikuwa kijana, enzi hizo hapa Mjini tuna Majestic, tuna Empire, tuna Cine Afrique, na ikija picha nzuri Jumapili kanga na mabuibui yamejaa mpaka barabarani. Hatukujua Kihindi, tulielewa yote. Nyimbo zikitoka sinema zinaingia kwenye taarabu, marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni hizo akazitilia maneno yetu, watu wakalia mara ya pili kwa lugha yao.

Katika Mughal-e-Azam mna kipande kimoja hakina maneno. Salim, mwana wa mfalme (Dilip Kumar), na Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu (Madhubala), wako bustanini usiku, Tansen mwimbaji wa ikulu anaimba kwa mbali, na Salim anampitishia Anarkali unyoya mweupe usoni. Basi. Unyoya tu, na uso wa Madhubala. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Dilip Kumar na Madhubala walipendana kweli kweli, na mapenzi yao yalivunjika kabla picha haijamalizika. Walikuwa wakiigiza mapenzi yaliyokwisha kufa. Na minyororo ile Anarkali aliyofungwa gerezani ilikuwa ya chuma, na mwenyewe alikuwa na maradhi ya moyo. Alifariki 1969, miaka 36 tu. Mimi siwezi tena kuutazama ule unyoya bila kuyajua hayo yote.

Mama Fundi, Ngamiani Tanga

Shikamoo Mzee wa Malindi. Ya 1955 nitaitafuta, nimeshamwagiza kijana wa hapa jirani anayeuza picha za zamani. Na la Vyjayanthimala nimelipenda sana, nitawasomea mabinti dukani.

Ndugu yangu wa Ruwi, sikukatazi kumkasirikia Dev. Mimi pia barua ile huniumiza, na kama Paro angekuwa binti yangu ningemwambia asimgeuzie hata shingo. Lakini angalia: angekuwa mwanamume imara, picha isingefika langoni. Angesimama mbele ya baba yake siku ile ya kwanza na mambo yakaisha. Ahadi ya mtu imara haishangazi mtu. Mimi ninalia kwa sababu ni mtu dhaifu, asiye na msimamo hata mmoja, na neno hili moja akalishika mpaka roho inamtoka. Unaweza kumhurumia mtu bila kumtetea.

Kuhusu Chandramukhi sina la kupinga. Nitaongeza tu kwamba katika Dola Re wamewavika wote wawili sari nyeupe za pindo jekundu, vazi la Kibengali la sikukuu ile. Kwa muda wa wimbo mmoja huwezi kusema yupi bibi wa jumba na yupi anayetengwa. Kalibabu ndiye anayekuja kuwatenganisha.

Sasa wewe mwanangu wa Kisauni, kipande chako cha mkufu. Kabla hajampiga kuna maneno, uyasikilize vizuri. Dev anamwambia hata mwezi hauna kiburi kama chako. Paro anamjibu, utakuwaje nacho, na mwezi una doa? Ndipo Dev anapompiga, anampa doa. Yaani amechukua jibu lake mwenyewe akamwandikia usoni. Na yule binti hafichi kovu lile, anaolewa nalo, anakuwa bibi wa jumba nalo. Kila ukimwona Bhuvan anamtazama mkewe, kumbuka anatazama alama ya mkono wa mtu mwingine, na siku atakapolijua jina la huyo mtu ndiyo siku atakayomkataza Paro kutoka nje.

Kwa hiyo nakupa nafasi ya pili. Ya kwanza namwekea Sumitra, na kama shangazi yako anabisha, mwambie airudie ile ngoma, lakini safari hii asimtazame anayecheza. Amtazame Kaushalya aliyekaa anampigia makofi.

Kijana wa Kisauni

Mama Fundi, nimemsomea shangazi. Hajakubali, ila ameniambia niitafute ile ngoma tena usiku huu, na majirani wawili wanakuja.